Kosa Lililotufuata Ruiru

Baridi ya Julai ilipozidi wiki hii nilitoa hita kuukuu chini ya kitanda, nikaipeleka sebuleni, nikaiwasha bila hata kuipanguza. Vumbi lililokuwa limelala kwenye nyaya zake likaanza kuungua. Harufu ile haikunipa nafasi ya kufungua dirisha. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwangu, mtu mzima mwenye watoto wake, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la nne, nimesimama nyuma ya kiti cha mama yangu, nikivuta pumzi ya hewa moto iliyotoka mgongoni mwa kompyuta, nikingoja skrini igeuke buluu.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Kompyuta siku zile haikuwa kitu cha kukutwa kwa kila jirani. Wengi tuliiona benki, au kwa dirisha la ofisi fulani, mtu ameketi mbele yake na shingo imenyooka kama aliye msikitini. Ya kwetu iliingia mtaani kwetu Makongeni, Thika, juu ya mkokoteni, imeviringishwa kwa blanketi la kitanda changu, na watoto wa safu nzima ya nyumba wakaisindikiza hadi mlangoni.

Baba ndiye aliyeileta. Jina lake Ramadhani, na alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo ambacho kila baada ya muda kilikuwa kikifunga idara moja. Kuna ofisi iliyokuwa ikihama mjini Thika ikiuza mashine zake za zamani, naye akapata moja. Mama, aitwaye Saumu, alikuwa taipisti kwa wakili. Nasema alikuwa kwa sababu aliacha kazi alipomzaa mdogo wangu wa kiume, Shabani, na hakuirudia tena.

Shabani hakukaa sana. Alikufa kabla ya kuota jino, mchana mmoja mkavu, mimi nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta viatu vingi mlangoni na kitanda chake kidogo kimesimamishwa ukutani. Jioni hiyo hiyo wanaume walimchukua wakaenda kumzika. Kwetu wanawake hawafuati jeneza, kwa hivyo Mama alibaki ndani na wanawake wenzake, na mimi nikabaki nikimwangalia. Tangu siku ile jina la Shabani halikutajwa. Baba akibanwa sana alisema "yale mambo". Mama alikaa kwenye kochi, mikono imelala mapajani, viganja vikitazama juu, kama vitu alivyoachiwa na mtu amshikie.

Nadhani ni mikono hiyo iliyomtuma Baba kutafuta kompyuta. Aliipachika juu ya meza ya kulia chakula, tukaanza kula sahani zikiwa mapajani.

"Mama Rukia," akasema huku akipangusa kioo kwa mkono wa shati, "hii ni taipureta tu. Ila haitaki karatasi."

Mama aliikaribia pole pole. Akagusa herufi moja, ikatokea. Akagusa nyingine. Halafu vidole vyake vikaanza kukimbia, na Baba akatoka nje akasimama uani peke yake kwa muda mrefu, sikujua kwa nini.

Kazi ilikuja haraka. Walimu walileta mitihani, vijana wakaleta kadi za harusi, lakini kwa kuwa watu hufa kila juma na hawaoi kila juma, kazi nyingi ilikuwa ya matanga. Familia zilikuja na maisha ya marehemu yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za shule: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha wajukuu wangapi. Mama aliyachapa maisha hayo vizuri, akaweka msalaba juu ya ukurasa kwa nyota alizozipanga moja moja, mwanamke wa Kiislamu akichorea Wakristo misalaba, na watu wakaenda wakimsifu.

Kosa la kwanza lilitokea akiwa kwenye wajukuu wa mzee mmoja wa Gatuanyaga. Jirani yetu, Mama Njoroge, ndiye aliyekuwa ameleta kazi hiyo, naye alikuwa ameketi kando akimsomea majina. Ghafla skrini yote ikawa buluu, buluu ya sare za shule, na juu yake maandishi meupe. Mama akainua vidole hewani. Akabonyeza kitufe kimoja. Kioo kikawa cheusi, mashine ikaguna, ikaanza kujiwasha upya. Mzee wa Gatuanyaga hakuwemo tena, yeye wala wajukuu wake.

"Haiya!" akasema Mama Njoroge. "Huyu mzee sasa ametuacha mara ya pili."

Mama aliyaanza upya maisha ya mzee kutoka mwanzo. Alipofika kwenye kuoa kwake, buluu ikarudi.

Lazima nieleze Baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa stoo. Kwake hakuna kitu kilichopotea. Kila kilichokosekana kilikuwa mahali fulani, kazi ni kutafuta. Kosa hilo alilitafuta vivyo hivyo. Alibadilisha soketi. Alibadilisha waya. Alihamisha meza kutoka sebuleni hadi chumbani, kutoka chumbani hadi kwenye kile kijia cha kuingilia jikoni, tukawa tunapita ubavu ubavu na sufuria za moto. Alitoa redio kwenye umeme, akatoa pasi, akazima taa, akatuambia tusitembee kwa vishindo. Alikuwa hali akamaliza. Kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni angekiweka chini, ainuke, aende aweke kiganja ukutani kama anayempima mgonjwa homa.

Njoroge, mtoto wa Mama Njoroge aliyekuwa akisomea kompyuta Nairobi, aliitwa. Alikuja na disketi zake ndani ya mfuko wa shati, akaketi, akapiga miluzi.

"Mzee, hii kitu iko na virusi," akasema. "Naifuta yote, naiweka upya, na itakuwa poa."

Akaifuta yote. Mashine ikatulia siku chache, sisi pia tukatulia, Baba akamaliza sahani. Kisha buluu ikarudi. Njoroge akaitwa tena, akakuna kichwa.

"Basi si virusi. Ni kitu ya ndani."

"Ya ndani wapi?" Baba akauliza.

"Sasa hapo, mzee..." Akaangalia mlango. Hakuja tena, na akikutana na Baba barabarani alivuka upande wa pili.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti. Alipochomelea, taa zetu zilififia zikarudi. Baba alianza kusimama dirishani akimtazama. Akanunua stabilaiza, kisanduku kizito cha kusawazisha umeme kilichobofya ta! ta! kila umeme uliposhuka, na bado buluu ikaja. Hapo ndipo akatoa hukumu.

"Stima ya huku ni chafu."

Nikaamini. Niliiona stima ikipita ndani ya kuta zetu nyeusi kama maji ya mtaro, ikibeba maganda na nywele.

Lakini mimi nilikuwa na hofu yangu, na haikuhusu stima. Nilikuwa nimejifunza kusoma Kiingereza vya kutosha kuyatamka maneno meupe ya ile skrini, siyo kuyaelewa. Nilishika mawili, nikaenda nayo shuleni.

"Mwalimu, 'fatal' maana yake nini?"

"Cha kuua," mwalimu wetu wa Kiingereza akajibu bila kuinua macho kwenye vitabu alivyokuwa akisahihisha. "Si husikia kwa redio, ajali ikiua watu?"

"Na 'exception'?"

Swali hilo lilimpendeza. Akanigeukia. "Exception ni yule anayeachwa nje. Nikisema darasa lote litachapwa isipokuwa Rukia, Rukia ndiye exception. Umeshika?"

Nilishika vizuri sana. Nilienda nyumbani nikiwa nimeshika. Mashine yetu ilikuwa inasema kifo kimetokea, na mmoja ameachwa. Hakukuwa na nafasi ya kosa akilini mwangu. Kwanza, kilikuwa kimetokea kweli, kwetu. Pili, mashine yenyewe ilishinda ikiandikiwa habari za wafu, ingekosaje kujua? Na ilisema tena na tena, kwa hivyo haikuwa imemaliza. Kilichonisumbua ni huyo mmoja. Ni nani aliyeachwa? Niliwaza kuwa ni mimi, nikaona ni heri nisiwe mimi, nisije nikabaki peke yangu, kisha nikaogopa nisiwe mimi, nikafa.

Wakati huo tumbo la Mama lilikuwa limeanza kuonekana. Hakuna aliyeniambia kitu. Kwetu hukuambiwa; ulijionea mwenyewe, ukanyamaza.

Nikajiwekea zamu. Mama akiinuka kwenda jikoni au nje kuanua nguo, mimi nilisimama mbele ya mashine. Buluu ikitokea, nilivuta kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio nikaifunika uso, ili ile habari isimfikie mtu. Mama alirudi akakuta mashine imevaa kitambaa kama bibi harusi, akadhani ni Baba. Baba alikuta hivyo hivyo, akadhani ni Mama. Sikuweza kucheza mbali. Wenzangu wakiruka kamba uani, mimi niliruka mara mbili nikakimbia ndani kuchungulia.

Siku moja Baba alirudi kutoka kazini, hakuketi. Akasema akiwa mlangoni.

"Nimepata nyumba Ruiru. Tunahama."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Ruiru kuna nini?"

"Nyumba mpya, waya mpya. Stima ya kule ni safi."

"Na kazi yako iko Thika."

"Nitapanda gari. Watu wanapanda."

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Baba Rukia, kabla sijatoka Thika, nionyeshe."

"Nitakuonyesha."

"Lini?"

"Tukishatulia."

Nilidhani wanazungumza juu ya nyumba. Nikamwona Mama ni mtu wa ajabu, kutaka kuonyeshwa nyumba ambayo tungeingia wote na kuiona.

Siku ya kuhama Mama Njoroge alisimama mikono kiunoni akitazama pikapu ikipakiwa. Kompyuta iliwekwa katikati ya magodoro mawili.

"Ati mnahama kwa sababu ya mashine? Ngai! Si mngeuza mashine mbaki na nyumba?"

Baba alicheka bila kufungua mdomo, akaendelea kufunga kamba.

Nyumba ya Ruiru ilinuka rangi. Ilikuwa ndani ya ploti yenye wapangaji ambao walikuwa hawajajuana bado, na asubuhi wote walitoweka kwenda Nairobi kwa treni na magari, ploti ikabaki na sisi wawili, mimi na Mama, na kuku wa mwenye nyumba. Baba aliijaribu kila soketi kwa taa ndogo kabla hata hatujapanga vitanda. Kila mojawapo ilipowaka alisema, "Unaona?" Mama hakutazama soketi. Hakutazama vyumba wala jikoni. Nikasema moyoni, mbona sasa nyumba ameonyeshwa na haitaki?

Kosa lilitukuta huko kabla rangi haijaacha kunuka. Ilikuwa jioni, Baba anakula, Mama anachapa mtihani wa shule ya jirani. Nikaona mwanga wa buluu umemwangukia shingoni, na safari hii sikuwa na kitambaa karibu. Baba alisimama tonge likiwa bado mdomoni. Akazunguka meza. Akazunguka tena. Akagusa ukuta mmoja, akagusa wa pili, akatoka nje kuangalia nguzo ya stima, akarudi.

"Imetufuata," nikasema. Sikukusudia kusema.

"Ni hii ploti," Baba akasema. "Wapangaji wengi waya mmoja. Binamu yangu amejenga Mugutha. Nyumba iko peke yake, nguzo yake mwenyewe. Kesho nikaione."

"Mimi sihami tena," Mama akasema.

"Lakini stima—"

"Nimesema sihami."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkatiza. Kesho yake, Jumamosi, Baba alivaa koti akaenda Mugutha vivyo hivyo.

Mlango ulipofungwa nyuma yake, Mama alifunga kitenge chake kifuani, akatandika shuka kuukuu sakafuni, akaniambia, "Rukia, lete bisibisi ya baba yako. Na ule mswaki mbovu."

"Unataka kufanya nini?"

"Kwa wakili, taipureta ikikwama sikuuliza stima. Nilifungua, nikasafisha."

Akaing'oa mashine ukutani, akailaza ubavu juu ya shuka, akaketi kando yake kwa taabu, mkono mmoja ukiwa umeshika tumbo. Skrubu alizitoa moja moja akanipa, nikazitia kikombeni. Alipoinua lile bati, harufu ikatupiga: vumbi lililopikwa, likapoa, likapikwa tena. Lilikuwa limetanda ndani kama sufi. Nilikuwa nimetarajia kuona kitu kingine, sijui nini, kitu chenye macho. Mama akanyoosha mkono kuingiza mswaki, nami nikapiga kelele.

"Usiiguse! Mama, usiiguse!"

Akauvuta mkono. "Una nini wewe?"

"Itakuua. Imesema. Inasema kila siku." Na machozi yakaanza, na maneno yote yakatoka kwa mkupuo: mwalimu, ajali za redioni, yule mmoja anayeachwa, kitambaa cha redio. "Imesema kifo kimetokea. Shabani. Na sasa inamtaka wa tumboni."

Nilikuwa nimetamka jina. Nikaziba mdomo.

Mama aliweka mswaki chini. Kisha akacheka. Tangu yale mambo sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri, kilikuwa kama mlango uliokauka bawaba, na kabla hakijaisha akawa anapangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye vumbi.

"Kumbe ni wewe unayeifunika," akasema. "Njoo hapa."

Nikaketi karibu naye juu ya shuka.

"Hayo ni maneno ya mashine, mwanangu. Inasema kazi imeharibika, nianze upya. Basi. Haimjui mtu. Hata hivi sasa haijui kama tuko hapa."

"Haimjui Shabani?"

"Haimjui."

"Kwa hivyo hatukuikimbia?"

Mama akachukua mswaki, akaanza kusugua taratibu, vumbi likidondoka kwa mafungu. "Kukimbia tumekimbia," akasema. "Lakini si hii. Siku ile mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji. Shabani alikuwa amelala kifuani kwa baba yako, kwenye lile kochi. Niliporudi, baba yako alikuwa ameketi vile vile, anamtikisa. Hakuweza kutulia tena katika kile chumba, Rukia. Tangu siku hiyo hakuweza. Kwa hivyo akaona ni stima, akapata sababu ya kuhama."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu anayekimbia humwambii anakimbia. Mimi nilimwomba kitu kimoja tu, anionyeshe alipomlaza. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini akampokea. Mimi sijui hata ni upande gani." Akapuliza vumbi. "Ndicho ninachomuuliza. Akasema tukishatulia. Na sasa anatafuta nyumba Mugutha."

Hapo nikajua kuonyeshwa kulikuwa kuonyeshwa nini.

Ndani kabisa kulikuwa na vibao viwili vyembamba vya kijani, vimesimama kwenye mifereji yao. Mama alipitisha mswaki juu ya cha kwanza, kikatulia. Alipogusa cha pili kikayumba. Akakigusa tena kwa kidole.

"Hiki kinacheza," akasema. "Kama lile jino lako."

Akakichomoa. Ukingoni kilikuwa na safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu, ila dhahabu yenyewe imefubaa, imeshika weusi. Akakielekeza dirishani, akakigeuza.

"Lete raba yako ya penseli."

Akasugua yale meno kama anayefuta hesabu iliyokosewa, upande huu, upande ule, mpaka yakang'aa. Akanipa na mimi nisugue kidogo. Kisha akakirudisha kwenye mfereji wake, akakibana kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia, akajaribu kukitikisa. Hakikutikisika.

Tuliifunga, tukaiwasha. Mama akachukua kitabu changu cha kusoma, akaanza kukichapa chote, hadithi baada ya hadithi, tena kwa kasi, kama anayeichokoza. Mimi nilisimama nyuma yake. Mwili wangu ulikuwa umezoea kungoja na haukujua kuacha. Kila ukurasa ulipogeuka nilikaza mabega. Hakuna kilichotokea.

Baba alirudi alasiri, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Mugutha, na maneno yakamtangulia mlangoni. "Nimeiona! Nguzo iko pale pale getini, waya bado unang'aa—"

"Kaa kwanza," Mama akasema. "Imepona."

"Nani amekuja?"

"Hakuna aliyekuja. Mimi na Rukia."

Akatutazama. Akatazama mashine. "Ngojeni," akasema. "Itarudi."

"Haya, ingoje."

Akavuta kiti, akaketi mbele yake na koti lake mwilini. Mama akamwekea chai pembeni. Akangoja. Alipochoka kungoja akasema, "Rukia, washa pasi." Nikawasha. Taa ikafifia kidogo, mashine ikaendelea. "Washa redio. Washa taa ya jikoni." Nikawasha kila kitu tulichokuwa nacho. "Hebu tembea, piga vishindo." Nikapiga vishindo kutoka mlango hadi dirisha mpaka kuku wa mwenye nyumba wakakimbia. Treni ya jioni ikapita, vikombe vikalia kabatini. Baba aliinama karibu na kioo, midomo ikitembea. Nilikuwa mtoto lakini niliona jambo ambalo sikuwa na jina lake: alikuwa anaiomba. Alitaka ikosee.

Chai ikafanya ngozi juu. Mama akaja nyuma yake, akazima pasi, akazima redio.

"Baba Rukia. Stima ni nzuri."

Baba akazidi kuinama kwenye kioo.

"Hata ya Makongeni ilikuwa nzuri," Mama akasema.

"Nilikuwa nimemshika," Baba akasema. Alikuwa bado anaiambia skrini. "Alikuwa analala tu. Nilihesabu pumzi zake, nikasinzia. Nilipoamka nikaangalia mdomo, nikaangalia pua, nikaangalia nguo, labda imembana. Nikamgeuza. Hakuna nilichoona, Saumu. Ningeona kitu, kitu kimoja tu. Hakuna."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa umeniachia."

"Nilikuachia wewe kwa sababu kwako alilala vizuri kuliko kwangu," Mama akasema. "Sijawahi kuuliza ulifanya nini. Nimeuliza yuko wapi. Hilo tu."

Baba akaweka uso kwenye viganja. Sikuwa nimemwona Baba akilia; wanaume wa kwetu walilia wakiwa chumbani, au hawakulia. Alilia na koti lake, mabega yakipanda na kushuka, na sikujua nisimame wapi. Nikaenda nikasimama karibu na kiti. Akanyoosha mkono bila kutazama, akanishika kichwa. Kisha akasema, "Shabani," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili.

Asubuhi tulikwenda Thika, sisi watatu, au niseme wanne, maana Zuhura alikuwa tumboni, na yeye alizaliwa salama akilia kwa hasira, na hadi leo hawezi kunyamaza. Baba alitembea mbele. Sisi tulifuata polepole kwa sababu ya Mama. Kwenye geti la makaburi Baba alisimama, nikadhani atageuka arudi, lakini alikuwa anamngoja Mama. Akamshika mkono. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono mahali pa watu.

Mtu anayetunza makaburi alikuwa ameegemea jembe lake kivulini. Baba akamsalimu.

"Waaleikum salaam, Ramadhani," yule mtu akaitikia, kama kwa mtu anayeonana naye mara kwa mara. "Leo umekuja na wenyewe."

Mama akamtazama Baba. Baba alikuwa anaangalia njia. Hakutafuta wala kuuliza. Alipinda kushoto, akakanyaga katikati ya nyasi zilizotufika magotini, akapita makaburi ya watu wazima, akasimama.

"Ni hapa," akasema.

Kilikuwa kilima kidogo, kifupi kuliko nilivyofikiria, kimezungushiwa mawe. Mama alijishusha chini, mkono mmoja begani kwangu. Akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Kwa muda alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, midomo tu ndiyo iliyotikisika. Kisha akanigeukia.

"Ng'oa majani, mama. Tumsafishie mdogo wako."

Nikapiga magoti. Pande zote nyasi zilikuwa zimesimama juu, zimekauka ncha, zimejaa vishikanguo. Nikatafuta pa kuanzia. Nikazunguka mawe yote, nikachungulia katikati yake, nikapitisha vidole juu ya udongo kutoka kichwani hadi miguuni. Hakukuwa na jani hata moja la kung'oa.